Swali kwa Bi Chujio: Kisahani kitupu kiko wapi?

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya kupima mitishamba, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimejaa kapu, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa mavazi tofauti. Nimechagua saba. Kwa walio wageni hapa: mimi si daktari wala mganga. Kwa miaka thelathini na kitu kazi yangu ilikuwa kuloweka, kuchuja, kukausha na kupima dondoo za mimea, ndiyo maana vijana wa maabara waliniita Bi Chujio. Jina likanifuata hadi kwenye ukurasa huu.

*Shikamoo Bi Chujio. Bibi yangu ana mzizi anaowapa wenye vidonda vya tumbo. Nimeona kwa macho yangu watu wakipata nafuu. Nataka upelekwe maabara ithibitike kama ni dawa. Inatumika mashine gani, na majibu huchukua muda gani? – Mjukuu*

Marahaba, mjukuu wangu. Mashine hiyo haipo. Hakuna chombo unachokitumbukizia mzizi upande huu kikatema upande wa pili neno "dawa" au "si dawa". Maabara hujibu swali uliloliuliza, hilohilo, bila nyongeza. Ukiuliza ovyo utajibiwa kwa namba safi zenye desimali mbili, na hazitakufaa kitu.

Chukua hivyo vidonda. Vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa mchuzi wa bakteria hao yeye mwenyewe ili aonyeshe kwamba wanaliunguza tumbo, na 2005 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake Robin Warren. Vingine huletwa na aspirini au ibuprofeni ambazo mtu anazimeza kila siku kwa maumivu ya viungo. Sasa mzizi wa Bibi unafanya nini humo ndani? Unaua bakteria? Unapunguza asidi? Unaufunika ukuta wa tumbo kwa utando? Au unatuliza maumivu tu, huku kidonda kikiendelea kuchimba? Hayo ni maswali manne na kila moja lina kipimo chake. Ukiupeleka mahali wanapopima bakteria peke yake, unaweza kurudi nyumbani ukamwambia Bibi mzizi wake ni kuni tu, kumbe kazi yake ilikuwa kufunika.

Kwa hiyo anza na Bibi. Keti naye na daftari. Anatumia mzizi mzima au ganda lake? Mbichi au mkavu? Anachimba wakati gani wa mwaka? Anachemsha au analoweka, kwa muda gani, kwa maji kiasi gani? Mgonjwa anakunywa kabla ya kula au akishashiba? Na muulize: nani humpi? Hilo usilisahau hata kama daftari limejaa. Wazee wa kazi hii wana watu wanaowakatalia, wajawazito mara nyingi, na hapo ndipo anayetafuta sumu anapopata pa kuanzia.

Kisha mmea wenyewe. Chuma tawi lenye ua au tunda, likandamize kati ya magazeti mpaka likauke, mtaalamu wa mimea alipe jina la kisayansi, na litunzwe kwenye hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, likiwa na namba yake. Usilete unga pekee. Unga hauna uso. Nilishaletewa unga huohuo mara mbili na mtu yuleyule, kwa jina lilelile, nikapata majibu mawili yasiyofanana hata kidogo, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kipi.

Baada ya hapo ndipo kazi yangu ya zamani huanza: kukausha kivulini, kusaga, kupima kwenye mizani, tuseme gramu 100, kuloweka kwenye kiyeyusho, yaani kimiminika kinachotoa viini vya mmea, siku mbili tatu, kuchuja, kisha kukivukiza kiyeyusho taratibu bila kupita nyuzi 50, mpaka kibaki kitu cha kunata chenye rangi ya lami. Hicho ndicho tunachokiita dondoo. (Lebo ziandikwe kwa penseli. Wino hufutwa na ethanoli, yaani pombe. Niliwahi kubaki na chupa kumi na moja zisizo na majina, nikazimwaga zote huku nalia.)

Sasa nikusimulie aibu yangu nyingine, maana ndiyo jibu lako. Nikiwa mgeni kazini nilikuwa na dondoo la majani fulani. Nililiyeyusha kwenye ethanoli, nikadondoshea kwenye viduara vya karatasi, nikavipanga kwenye kisahani juu ya agari, ute ulioganda wa kukuzia bakteria, iliyopakwa bakteria, nikaenda kulala. Asubuhi, kuzunguka kila kiduara, palikuwa peupe, bakteria wamekufa, duara pana kama kifungo cha koti. Nilikimbia na kisahani mkononi hadi kwa mkuu wangu. Alikitazama, akanirudishia, akauliza: "Na kisahani kitupu kiko wapi?" Alimaanisha kisahani chenye viduara vilivyodondoshewa ethanoli tu, bila majani. Sikuwa nacho. Nikarudia kazi yote, safari hii nikakiweka. Asubuhi kisahani kitupu nacho kilikuwa na maduara, karibu upana uleule. Nilikuwa nimepanga viduara kabla ethanoli haijakauka. Majani yangu hayakuua chochote. Muuaji alikuwa pombe.

Binadamu naye ana kisahani kitupu chake. Kinaitwa plasebo, kidonge kinachofanana na dawa kwa kila kitu ila dawa haimo. Na kwa ugonjwa huu wako, mjukuu wangu, ndipo kinapotisha. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walikusanya majaribio mengi ya dawa za vidonda vya utumbo mwembamba wa juu, wakawatazama wale tu waliopewa vidonge vitupu. Waliomeza vidonge vitupu mara mbili kwa siku, asilimia 36 walikuwa wamepona baada ya wiki nne. Waliomeza mara nne kwa siku, asilimia 44. Na kupona huko kulitazamwa kwa kamera iliyoingizwa tumboni, hawakuulizwa tu wanajisikiaje. Kwa hiyo uliyoyaona kwa macho yako ni kweli, ila umeona kisahani kimoja. Katika watu kumi waliotibiwa na Bibi, huenda wanne wangepata nafuu hata kwa maji ya uvuguvugu yaliyotolewa kwa upole uleule.

Usidhani namdharau. Miaka ya 1940 daktari mmoja wa Uholanzi, Revers, aliwapa wagonjwa wa vidonda vya tumbo dondoo la mzizi mtamu wa Glycyrrhiza glabra, ambao kwa Kiswahili wako wanaouita urukususu. Wengi walipata nafuu. Lakini baadhi yao walianza kuvimba. Baadaye kutokana na mzizi huo ikatengenezwa dawa, karbenoksoloni, ikatumika miaka mingi, nayo ikabeba tatizo lilelile: huzifanya figo zishike chumvi na maji, shinikizo la damu linapanda, potasiamu inashuka. Revers aliyaona yote mawili kwa sababu aliwatazama wagonjwa wake mwili mzima, hakuishia kuuliza "tumbo vipi?"

Muda? Kipimo cha bakteria ni siku chache. Kujua kama mzizi ni dawa ya watu ni miaka, na mara nyingi hupita kumi. Mwambie Bibi ajitunze.

*Kwa nini ninyi wa maabara mnaloweka kwenye pombe wakati sisi tunachemsha kwa maji? Si mnabadilisha dawa? – Mchemshaji*

Tunabadilisha, ndiyo. Umenikamata. Maji hutoa sukari, chumvi, tanini na vingine vinavyoyapenda maji. Ethanoli huchukua hivyo kiasi na vya mafuta pia. Wa maabara hupenda ethanoli na methanoli kwa sababu zinakauka haraka na dondoo haliozi. Dondoo la maji ukilisahau siku mbili linaota ukungu, na ukilivukiza linatoa povu hadi kwenye bomba. Uvivu wetu umejificha humo. Ripoti yoyote inayosema "mmea huu haufanyi kazi", tazama kwanza waliuloweka kwenye nini. Mimi ningedai matayarisho yote mawili yapimwe, ya nyumbani yakitangulia.

Ila kuna upande wa pili, na ni kisa ninachokipenda kuliko vyote. Nchini China, Tu Youyou na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria miongoni mwa mitishamba ya kale. Dondoo la qinghao, yaani Artemisia annua, lilifanya kazi mara moja, likashindwa mara nyingine. Tu akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4. Humo hakuna habari ya kuchemsha: chukua konzi ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Akawaza kwamba pengine moto ndio unaoiharibu dawa. Akabadilisha kiyeyusho, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilisafisha vimelea vyote kwenye damu ya panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili walilimeza dondoo hilo kwanza kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Leo kiini chake, artemisinini, ni dawa ya malaria inayojulikana dunia nzima. Kama angeendelea na sufuria, ingebaki kwenye orodha ya mimea "isiyofanya kazi".

*Nimesoma kwamba dondoo la mmea fulani limeua seli za saratani maabara kwa asilimia 90. Mbona hospitali hawalitumii? Kuna njama? – Mwenye Uchungu*

Pole. Nahisi nyuma ya swali kuna mgonjwa, kwa hiyo nitajibu bila mzaha.

Klorini ya kufulia nayo huua seli za saratani kwenye kisahani, tena asilimia 100. Mambo mawili ndiyo yanayosema kama kuna habari. La kwanza, je, waliweka pembeni seli nzima zisizo na saratani, nazo zikapona? La pili, kwa kiasi gani? Tuseme walitumia miligramu moja ya dondoo kwa kila mililita, kiasi ninachokiona kwenye ripoti nyingi. Mwili wa mtu mzima una maji kama lita 40. Ili kila sehemu ipate kiasi hicho unahitaji gramu 40 za dondoo. Kama gramu 100 za majani makavu zilitoa gramu 10, hizo gramu 40 ni majani makavu gramu 400, yamezwe kwa mpigo, utumbo uyanyonye yote, ini lisiyavunje hata chembe, na kiwango kibaki hivyohivyo siku tatu, maana seli za kwenye kisahani zilikaa humo muda kama huo. Haiwezekani. Ndiyo maana watafiti wa saratani hawashtuki sana na dondoo ghafi mpaka liue kwenye mikrogramu 20 au 30 kwa mililita (mikrogramu elfu moja ndiyo miligramu moja), yaani chini mara thelathini na zaidi.

Lakini njia ya kutoka kisahani hadi dawa ipo, na wako walioipitia. Miaka ya 1950 huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walikuwa wakipima ua dogo la bustanini, Catharanthus roseus, lililosifiwa kwa kisukari. Wakawanywesha panya dondoo: sukari haikutikisika. Wakawadunga sindano: panya wakafa kwa maambukizi ndani ya siku chache. Wengine wangeandika "ni sumu" na kufunga daftari. Wao wakahesabu damu, wakakuta chembe nyeupe zimeporomoka. Kitu kinachoporomosha chembe nyeupe, si kingeweza kuporomosha saratani ya damu? Mwaka 1958 wakaitangaza vinblastini, na kutoka mmea huohuo ikaja vinkristini, inayotibu watoto wenye saratani ya damu hadi leo. (Hapa kauli yangu ya mwanzo, kwamba maabara hujibu ulichouliza tu, inapata tundu. Naliacha wazi.) Na hizo ni dawa zinazopimwa kwa miligramu, hutolewa kwa sindano na watu waliofunzwa. Chai ya ua hilo haimtibu mtu, humdhuru. Mgonjwa wako asiache matibabu yake kwa ajili ya kisahani.

*Babu zetu wametumia dawa hizi karne na karne. Huo si ushahidi tosha kwamba hazina madhara? – Mlinzi wa Mila*

Ni ushahidi kwamba haziui papo hapo. Mtu akinywa asubuhi akaanguka mchana, kijiji kizima kitajua na mmea utaachwa. Akinywa leo, figo zikafa baada ya miaka miwili, nani atakumbuka?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza uzito vyenye mitishamba ya Kichina walianza kufika hospitali figo zimenyauka. Mwishowe walizidi 100. Chunguza kilichotokea: dawa iliyokusudiwa ilikuwa Stephania tetrandra, ambayo Wachina huiita fangji. Kilichotiwa ni Aristolochia fangchi, inayoitwa guang fangji. Majina yamekaribiana, unga unafanana. Aristolochia ina asidi inayoharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo miaka baadaye. Mjukuu wa barua ya kwanza, umesikia? Ndiyo maana nilidai tawi lenye ua.

Maabara hutafuta sumu kwa hatua. Panya hupewa dozi moja kubwa, mara nyingi hadi miligramu 2,000 kwa kila kilo ya mwili, wakaangaliwa siku 14. Kisha wengine hupewa kidogokidogo kila siku kwa siku 28 au 90, halafu ini, figo na moyo vinatazamwa kwa hadubini. Hata hivyo panya hamezi vidonge vya presha. Hypericum perforatum, mmea unaotumika kwa huzuni na sonona, hulichochea ini livunje dawa nyingine upesi kuliko kawaida: vidonge vya uzazi wa mpango vinashindwa, dawa za VVU zinapungua kwenye damu, na waliopandikizwa kiungo wamewahi kukaribia kukipoteza. Babu zetu hawakuwa na dawa hizo za kugongana nazo. Mwambie daktari wako unachokunywa. Akikufokea, tafuta mwingine asiyefoka, umwambie.

*Msimamizi wangu anataka nirudie jaribio mara tatu. Nimeshaweka visahani vitatu kwa siku moja, anasema haihesabiki. Ananionea? – Mwanafunzi*

Hakuonei. Visahani vitatu vya siku moja ni kisahani kimoja kilichovaa nguo tatu: agari ileile, bakteria walewale, kosa lako lilelile. Rudia siku tatu tofauti, na kila mara pima dondoo upya kwenye mizani. Na uweke kisahani kitupu, pamoja na kingine chenye dawa inayojulikana kuua bakteria hao. Hicho cha pili kisipoonyesha duara, tupa kazi ya siku hiyo yote.

*Mama yangu ni mganga. Anaogopa kuwapa watafiti mmea wake kwa sababu wataiba. Nimwambieje? – Binti wa Mganga*

Mwambie hofu yake ina msingi. Wasan wa kusini mwa Afrika walitafuna mmea wa Hoodia kuzima njaa safarini. Taasisi ya utafiti ikakatia viini vyake hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, na makubaliano ya kugawana mapato yalisainiwa 2003, baada ya kelele. Siku hizi kuna mkataba wa kimataifa, Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014: katika nchi zilizoiridhia, ridhaa na mgawanyo wa faida vinatakiwa viafikiwe kabla, kwa maandishi. Neno la kushika ni "kabla". Mfuko wa mizizi usitoke mlangoni bila karatasi inayosema nani ametoa maarifa, yatatumika kwa nini, jina lake litaandikwa wapi, na nani atapata nini kikipatikana kitu. Tena ajue kwamba matokeo yakishachapishwa, kuombea hataza huwa vigumu sana, basi aulize mapema watachapisha lini. Mtafiti anayekasirika kwa maswali hayo amekuokolea muda.

Na asitegemee utajiri. Dondoo nyingi nilizopima ziliishia kabatini.

*Bi Chujio, sema kweli. Wewe mwenyewe unatumia mitishamba? – Mdadisi*

Natumia. Sanamaki, tumbo likifunga. Viini vyake vinajulikana, dozi yake inajulikana, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Nakunywa usiku mmoja, kisha nasubiri hadi asubuhi kabla ya kuongeza. Mume wangu aliwahi kutosubiri, akaongeza kikombe cha pili saa mbili baada ya cha kwanza kwa kuona "haifanyi kazi". Siku iliyofuata hakwenda kazini, na mimi nilikuwa na kisahani kitupu changu kimekaa sebuleni: shemeji yangu, ambaye alikula chakula kilekile, hakunywa sanamaki, na alilala kama mtoto.